Haiba yako na mazingira: jinsi ya kuchagua matendo utakayoyashika

Watu wawili wanaweza kuyajali mazingira kwa kiasi kile kile, wakasoma habari zile zile, na wakaazimia siku moja kupunguza umeme, maji na taka. Miezi mitatu baadaye mmoja bado anaendelea, mwingine amerudi alikokuwa. Watu husema aliyeacha hakuwa na nia. Mara nyingi nia alikuwa nayo, ila alichukua tendo lililomfaa mtu mwingine, mwenye haiba nyingine, akajaribu kulivaa kama kiatu kisicho cha saizi yake.

Mwongozo huu unakuonyesha namna ya kuijua haiba yako, kuchagua matendo machache yenye uzito, na kuyafunga mahali ambapo haiba yako haitayaangusha. Andaa daftari, ndoo ya lita 10, saa inayohesabu sekunde, na mita ya umeme unayoweza kuisoma mwenyewe. Wiki 2 ni za kupima, na wiki 10 ni za kutenda.

Haiba ina nguvu kiasi gani

Wanasaikolojia wengi hupima haiba kwa sifa kuu tano. Hapa tutaziita udadisi (wengine husema uwazi wa mawazo), nidhamu, uchangamfu, upole na wasiwasi. Michael Ashton na Kibeom Lee waliongeza ya sita: unyofu, yaani kutotamani kuwazidi wenzako kwa hila, kwa mali au kwa sifa. Mfumo wao wa sifa sita unajulikana kama HEXACO.

Mwaka 2020, Soutter, Bates na Mõttus walichapisha uchambuzi uliojumlisha tafiti nyingi kuhusu sifa hizi na mazingira. Udadisi na unyofu ndivyo vilivyoshikana zaidi na matendo ya kutunza mazingira, kwa uwiano wa karibu 0.2 (0 maana yake hakuna uhusiano wowote, 1 maana yake vitu viwili hupanda na kushuka pamoja daima). Upole, nidhamu na uchangamfu vilikuwa karibu nusu ya hapo, na wasiwasi ukawa karibu na sifuri.

Uwiano wa 0.2 ni mdogo, na ni vizuri uuone udogo wake. Chukua watu 100 ambao udadisi wao uko juu ya wastani. Kwa uwiano huo, kama 56 kati yao watakuwa juu ya wastani pia kwa matendo, na 44 watakuwa chini. Kwa hiyo hakuna haiba ya "mtu wa mazingira", na usimhukumu jirani kwa sababu hapendi mambo mapya. Kinachosaidia ni kujua kwamba kila sifa ina mlango wake ambao tendo huingilia, na ina ufa wake ambao tendo hutorokea. Kazi yote iliyo hapa chini ni kutafuta mlango wako na kuziba ufa wako.

Hatua ya 1: Jipime

Soma kila sentensi, ujipe alama 1 (si mimi kabisa) hadi 5 (ndiyo mimi hasa).

1. Napenda kujaribu njia mpya hata kama ya zamani bado inafanya kazi.
2. Nikitumia kitu, nakirudisha mahali pake.
3. Nikikaa na watu wengi, napata nguvu.
4. Mtu akinikosea, ni rahisi kwangu kumsamehe.
5. Jambo dogo linaweza kuninyima usingizi.
6. Nisingechukua kisicho changu hata kama hakuna ambaye angejua.
7. Mazungumzo ya kinadharia hunichosha upesi.
8. Mara nyingi naacha kazi katikati na kuanza nyingine.
9. Kwenye kikao husubiri wengine waseme kwanza.
10. Nikibishana, siachi mpaka mwenzangu akubali.
11. Hata mambo yakiharibika, moyo wangu hutulia.
12. Napenda watu waone kwamba nina vitu vya bei kubwa.

Sentensi 7 hadi 12 huhesabiwa kinyume: toa alama yako kwenye 6. Ukijipa 4, andika 2. Kisha jumlisha kwa jozi: 1 na 7 ni udadisi, 2 na 8 nidhamu, 3 na 9 uchangamfu, 4 na 10 upole, 5 na 11 wasiwasi, 6 na 12 unyofu. Jumla ya 8 na zaidi ni juu, 4 na chini ni chini, 5 hadi 7 ni katikati.

Mfano: mtu kajipa 2 kwenye sentensi ya 2, na 4 kwenye ya 8. Ile 4 inageuka kuwa 2. Jumla ni 4, kwa hiyo nidhamu yake iko chini.

Kosa la kawaida hapa ni kujibu kama mtu unayetamani kuwa. Fikiria mwaka uliopita tu, usifikirie mwaka ujao. Halafu mpe sentensi hizo hizo mtu unayeishi naye, azijibu kukuhusu wewe bila kuona majibu yako. Kwenye nidhamu na uchangamfu mwamini zaidi yeye, maana hayo yanaonekana kwa macho: vyombo vilivyoachwa, taa zilizosahauliwa. Kwenye wasiwasi jiamini wewe, kwa sababu usiku unaokosa usingizi yeye amelala.

Sentensi 12 ni kipimo cha haraka cha kukupa mwelekeo. Ukitaka kipimo cha kina, Lewis Goldberg aliasisi hazina ya maswali ya haiba iitwayo IPIP, ambayo mtu yeyote anaruhusiwa kuitumia bure. Toleo lake la maswali 50 lina maswali 10 kwa kila moja ya zile sifa tano.

Hatua ya 2: Andika unachofanya sasa, siku 14

Usibadilishe chochote bado. Hapa ndipo wengi hukosa subira, na wakikosa hawatajua baadaye kama walifanikiwa.

Umeme: soma mita kila siku saa ile ile, andika namba. Safari: andika umbali na chombo ulichotumia. Taka: hesabu mifuko au ndoo zilizotoka nyumbani. Chakula: andika milo yenye nyama, na chakula kilichotupwa.

Maji ya kuoga chini ya bomba la mvua hupimwa hivi. Weka ndoo ya lita 10 chini ya bomba, lifungue kama unavyolifungua siku zote, hesabu sekunde mpaka ndoo ijae. Ikijaa kwa sekunde 60, bomba lako linatoa lita 10 kwa dakika. Sasa pima muda unaooga, mara 4 kwa siku tofauti. Ukikuta wastani wa dakika 8, unatumia lita 80. Kupunguza hadi dakika 5 kunaokoa lita 30 kila siku, yaani karibu lita 11,000 kwa mwaka kwa mtu mmoja. Kama maji hayo yanapashwa kwa umeme na joto lake linapandishwa kwa nyuzi 25, lita 30 hizo peke yake zinakula karibu uniti 0.9 kila siku.

Futa namba za siku 3 za kwanza. Mtu anayejua anapimwa hujichunga, hata kama mpimaji ni yeye mwenyewe, na siku hizo huwa nzuri kuliko ukweli. Pia usitumie kumbukumbu badala ya vipimo. Ukimwuliza mtu ametumia kiasi gani, anaweza kusema kidogo kuliko mita inavyosema, na hasemi uongo kwa makusudi. Anakumbuka siku alizozima taa na kusahau zile alizoziacha.

Hatua ya 3: Chagua kwa uzito kwanza, haiba baadaye

Ukianza na haiba utachagua kinachokupendeza, na kinachopendeza mara nyingi ni chepesi. Mwaka 2017 Seth Wynes na Kimberly Nicholas walilinganisha matendo ya mtu mmoja mmoja katika nchi zilizoendelea. Kuishi bila gari kuliokoa kama tani 2.4 za gesijoto kwa mwaka. Kuacha safari moja ya ndege ya kuvuka Atlantiki, kwenda na kurudi, kama tani 1.6. Kula vyakula vya mimea pekee, kama tani 0.8 kwa mwaka. Kurejeleza taka, ambako ndiko watu wengi huanzia na kuishia, kulikuwa chini sana ya hayo yote.

Namba hizo hazimhusu kila mtu. Asiye na gari hawezi kuliacha, na asiyepanda ndege hana safari ya kufuta. Rudi kwenye daftari lako la siku 14, uangalie wapi penye wingi: umeme, usafiri, nyama, chakula kinachotupwa, maji ya moto. Chagua sehemu 2 zenye uzito mkubwa zaidi, na ya 3 iwe nyepesi ili ikutie moyo. Zaidi ya 3 ni nyingi.

Kisha gawa matendo yako katika mafungu mawili: ya mara moja, na ya kila siku. Mgawanyo huu una maana kubwa kuliko watu wanavyodhani. Balbu ya zamani ya wati 60 ikiwaka saa 5 kwa siku, ukiibadilisha kwa LED ya wati 9 unaokoa karibu uniti 93 kwa mwaka, na umefanya kazi ya dakika 2. Birika la umeme ni habari nyingine. Anayechemsha lita 1.5 akatumia robo lita tu, mengine yakapoa, hupoteza uniti kama 0.12 kila mara. Akifanya hivyo mara 3 kwa siku, mwaka mzima ni karibu uniti 130. Faida ni kubwa kuliko ya balbu, lakini inadai uamuzi sahihi mara 1,095. Balbu haiulizi una haiba gani. Birika linauliza kila asubuhi.

Hatua ya 4: Tafuta mlango wako

Soma sehemu zinazohusu sifa zako zilizo juu sana au chini sana. Zilizo katikati ziache, hazitakusaidia wala kukusumbua.

*Nidhamu* ndiyo ya kuanza nayo, kwa sababu inaamua fungu gani la matendo ulichukue. Ikiwa juu, chukua ya kila siku bila hofu: orodha ya manunuzi, ratiba ya kufua nguo nyingi kwa mkupuo mmoja, kuchemsha maji kwa kipimo. Ufa wako ni ukamilifu. Mtu wa namna hii akikosa siku moja huona safu yote imeharibika, akaacha. Mwingine hujizamisha kwenye vitu vidogo, akaosha chupa ya kurejelezwa kwa maji ya moto dakika tano, huku friji lenye mpira wa mlango uliochanika likikoroma nyuma yake. Jiwekee kanuni: siku 6 kati ya 7 ni ushindi kamili.

Nidhamu ikiwa chini, usijidanganye kwamba safari hii utakumbuka. Jaza wiki zako mbili za kwanza za kutenda na matendo ya mara moja: badilisha balbu, rekebisha bomba linalovuja, ziba nyufa za madirisha, punguza joto la tangi la maji (usishuke chini ya nyuzi 60 ndani ya tangi, kwa sababu bakteria wa legionela, wanaoleta homa ya mapafu, hustawi kwenye maji ya vuguvugu), weka kompyuta ijizime yenyewe baada ya dakika 10. Kwa mpira wa friji, funga mlango ukiwa umebana karatasi, kisha ivute. Ikitoka bila kukwama, mpira umechoka. Haya yote yakishafanyika hayadai kumbukumbu. Kwa maoni yetu, mtu wa nidhamu ndogo aliyefanya matendo 6 ya namna hii amefanya mengi kuliko mwenye orodha ndefu ya nia njema.

*Udadisi* ukiwa juu, mlango wako ni swali. Usijiambie "nitakula nyama kidogo", jiambie "je, ninaweza kupata milo 10 ya kunde ambayo nitaitamani tena?" Lipe jaribio wiki 4. Uzuri wa asili pia unakugusa kuliko wengine, kwa hiyo kutembea porini au ufukweni kunakurudishia hamu kuliko takwimu yoyote. Nyufa ni mbili. Ya kwanza ni kuchoka: jambo likishazoeleka linapoteza ladha. Kabla hujaliacha na kuhamia jipya, lifanye liwe sehemu ya nyumba, kwa mfano agiza kunde za mwezi mzima badala ya kuamua kila siku. Ya pili ni kununua. Wadadisi hupenda vifaa vipya vinavyouzwa kama rafiki kwa mazingira, na kifaa kisichohitajika ni taka iliyochelewa. Andika unachotaka kununua, usubiri siku 30. Safari za mbali nazo zina mvuto mkubwa kwako, na mara nyingi ndizo zinazofuta kila ulichookoa nyumbani. Zihesabu waziwazi.

Udadisi ukiwa chini, usiguse ratiba yako. Badilisha kitu kimoja ndani ya ratiba ile ile: njia ile ile ya sokoni, mfuko wa kitambaa. Chakula kile kile, sufuria ile ile, ila yenye kifuniko. Lugha ya uvumbuzi haitakugusa, lakini kutunza, kushona, kukarabati na kutotupa ni mambo ya kale, na kwako ni heshima. Watu wa namna hii wakishika jambo hawaliachi hovyo, na hiyo ni nguvu ambayo wadadisi hawana.

*Unyofu* ukiwa juu, mlango ni haki: "maji haya ni yetu sote, fungu langu ni lipi?" Kupunguza matumizi hakukuumi kama kunavyowaumiza wengine. Ufa wako ni ukimya. Unafanya mema kimyakimya, na hakuna anayeyaona ili kuyaiga. Mwonyeshe mtu mmoja kwa mwezi, kwa vitendo, bila kuhubiri.

Unyofu ukiwa chini, kubali wazi kwamba heshima na fedha vinakusukuma, uvitumie. Chagua matendo yanayoonekana na yanayobaki mfukoni: paneli za jua juu ya paa, baiskeli nzuri, bili ya umeme inayoshuka kila mwezi. Hatari ni kuchagua kinachong'aa badala ya kilicho na uzito. Jiulize kila mara: ningefanya hili hata kama hakuna anayeona? Jibu likiwa hapana, linaruhusiwa, mradi mita nayo inashuka.

*Upole* ukiwa juu, unatenda kwa ajili ya watu. Andika jina la mtu mmoja unayemtakia hewa safi, ulibandike karibu na swichi. Ufa wako ni kushindwa kukataa. Muuzaji anakupa mfuko wa plastiki, mwenyeji anakuongezea nyama, rafiki anataka mwende kwa gari mwendo wa dakika 10, na wewe unaona haya. Tunga sentensi za kukataa mapema na uzitamke kwa sauti mara 5 nyumbani: "Asante sana, mfuko ninao." "Kimenitosha, na kilikuwa kitamu." Fupi, zenye shukrani, zisizo na maelezo. Ukianza kueleza sababu utashindwa, maana kila sababu ina jibu.

Upole ukiwa chini, maombi ya huruma yatakuudhi. Tumia namba na ushindani: mita ya mwezi huu dhidi ya mwezi uliopita.

*Uchangamfu* ukiwa juu, tafuta kundi. Kusafiri kwa gari moja na wenzako, kusafisha mto, kubadilishana nguo. Lakini chunga maneno yasichukue nafasi ya tendo: tangaza ukishafanya wiki 3, si siku ya kuazimia. Sifa unazopata kwa kutangaza nia zinaweza kukushibisha kabla hujaanza. Uchangamfu ukiwa chini, usikubali kusukumwa kuwa mhamasishaji. Jikoni kwako, kwenye mita yako na kwenye njia unayotembea kwa miguu kuna kazi ya kutosha.

*Wasiwasi* ndio wenye mkanganyiko. Kwa wastani hauongezi wala haupunguzi matendo, na sababu mojawapo inaeleweka: hofu humsukuma mmoja na kumgandisha mwingine. Ukiwa juu, weka dakika 15 kwa siku za kusoma habari za tabianchi, tena zisiwe za usiku, na kila ukimaliza fanya tendo moja dogo lililo karibu na mkono. Mara nyingi tendo hushusha hofu, na kusoma zaidi huiongeza. Hofu ikikunyima usingizi au kazi kwa wiki kadhaa, zungumza na mtaalamu wa afya ya akili. Wasiwasi ukiwa chini hutasukumwa na onyo lolote. Tumia tarehe: "tarehe 1 nasoma mita".

Hatua ya 5: Andika sentensi ya "ikiwa… basi…"

Peter Gollwitzer ndiye aliyeifanya mbinu hii ijulikane. Mwaka 2006, yeye na Paschal Sheeran walijumlisha majaribio 94 na kukuta kwamba kupanga hivi huongeza kwa kiasi kizuri uwezekano wa kutimiza lengo. Sentensi inahitaji vitu viwili: kichocheo unachokiona kwa macho, na tendo moja lisilohitaji kufikiri.

Sentensi mbovu: "Nitapunguza umeme wa birika." Haina saa, mahali wala mkono.

Sentensi nzuri: "Ikiwa nimeshika birika, basi nachota maji kwa kikombe changu, idadi ile ile ya vikombe vitakavyonywewa." Kikombe kiwekwe juu ya birika usiku, ili asubuhi usiweze kuliwasha bila kukiondoa. Mara ya kwanza, angalia ndani ya birika maji ya kikombe kimoja yanafika wapi, ukumbuke kiwango hicho. Umeme, maji na mkono vimekutana mahali pamoja, na haiba haina tena nafasi ya kuamua.

Mfano mwingine, kwa mwenye upole mwingi: "Ikiwa muuzaji ananyoosha mkono kuchukua mfuko, basi nafungua wa kwangu na kusema: asante, ninao." Mfuko wenyewe utundike kwenye kitasa cha mlango, au ukunjwe ndani ya begi usilotoka bila hilo. Sentensi bila mfuko ni maneno matupu.

Andika sentensi 3 tu, moja kwa kila tendo. Zikizidi, zinaingiliana.

Hatua ya 6: Wiki 10 za kutenda

Kwa nini 10? Mwaka 2010 Phillippa Lally na wenzake walichapisha utafiti wa watu 96 waliojaribu kujenga mazoea mapya. Muda wa kati ulikuwa siku 66, lakini mtu mmoja na mwingine walitofautiana sana, kuanzia siku 18 hadi 254. Kukosa siku moja hakukuharibu mazoea yaliyokuwa yanajengeka. Kwa hiyo wiki 10 ni mwanzo mwema, na ukihitaji 20 huna kasoro.

Soma mita mara moja kwa wiki, siku ile ile. Weka alama kwenye kalenda kwa kila siku uliyotimiza. Wiki ya 3 na wiki ya 6 kaa chini dakika 20 na uulize swali moja: tendo gani limeanguka, na limetorokea ufa upi? Ukikuta siku 4 au chini kwa wiki, usiongeze bidii. Badilisha kichocheo au lipeleke tendo hilo kwenye fungu la mara moja. Kama unasahau kuzima taa ya ukumbi, weka swichi inayojizima yenyewe, usijilaumu tena.

Mambo yanayoharibu, hata kwa mwenye mpango mzuri

La kwanza ni kujipa ruhusa. Mtu ametembea kwa miguu wiki nzima, Ijumaa anajiona ana akiba ya wema, anafanya safari ndefu isiyo na haja. Dawa ni kupima jumla, usipime matendo. Andika umbali wote wa gari wa mwezi, hata wa siku za "thawabu".

La pili ni matumizi kurudi kwa mlango wa nyuma. Balbu inatumia umeme mdogo, basi inaachwa usiku kucha. Fedha iliyookolewa inanunua kitu kingine kinachotumia nishati. Amua mapema akiba hiyo itaenda wapi, na iende kwenye tendo la mara moja linalofuata.

La tatu ni kulinganishwa. Wesley Schultz na wenzake walichapisha mwaka 2007 jaribio lililofanywa San Marcos, California, ambapo kaya ziliambiwa zinatumia umeme kiasi gani zikilinganishwa na majirani. Waliokuwa juu walipunguza. Waliokuwa chini wakaongeza, kana kwamba wameambiwa wana nafasi ya kutumia zaidi. Ilipoongezwa alama ndogo ya uso unaotabasamu kwa waliokuwa chini, ongezeko hilo likatoweka. Kwa hiyo ukitaka kuwapa wenzako namba, mpe aliye chini ya wastani sifa pamoja na namba yake. Usimpe namba peke yake.

Mkiishi wengi

Usiwape watu wote tendo moja. Mwenye nidhamu apewe mita na kalenda. Mdadisi apewe jiko na majaribio. Mchangamfu aongee na majirani kuhusu kugawana usafiri. Mwenye upole aangalie chakula kinachobaki na nani apelekewe. Asiyependa kukumbuka chochote apewe bisibisi na balbu kwa Jumamosi moja, kisha aachwe apumzike. Ugomvi mwingi wa nyumbani kuhusu taa hutokana na mwenye nidhamu kudai wengine wakumbuke kama yeye. Swichi yenye kipima muda huumaliza.

Sentensi 12 za mwanzo huna haja ya kuzirudia baada ya wiki 10, kwa sababu haiba hubadilika polepole sana, kwa miaka. Kinachorudiwa ni zile siku 14. Zirudie wiki ya 11, kwa ndoo ile ile na saa ile ile ya kusoma mita, ufute tena siku 3 za kwanza, kisha weka safu mbili za namba upande kwa upande.